Samaki Anayenyonyesha: Kuzalisha Diskasi Nyumbani

(Maneno haya niliyasema mbele ya wafugaji wenzangu wa samaki wa mapambo. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mlioketi mbele na madaftari yenu: asanteni kwa kunipa nafasi.

Naomba nianze na swali. Ni nani humu ndani aliyewahi kumwona samaki ananyonyesha?

Naona mikono mitatu, minne. Wengine mnatazamana. Nimesema ananyonyesha, wala ulimi haujateleza. Diskasi hana titi, lakini vifaranga wake wanapoanza kuogelea, chakula chao cha kwanza hakitoki mkononi mwako wala hakitoki kwenye kopo. Kinatoka kwenye ngozi ya mama yao na ngozi ya baba yao. Wazazi wote wawili hutoa ute mzito mwili mzima, na watoto huwaganda ubavuni wakidonoa, wakidonoa, mchana kutwa. Mwaka 1959 mtafiti Hildemann aliyaeleza malezi haya katika jarida la sayansi la Marekani. Mwaka 2010 Jonathan Buckley wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, pamoja na wenzake, wakaupima ute wenyewe. Walikuta nini? Kwamba wazazi wakishataga, protini na kingamwili ndani ya ute hupanda, na watoto wanapokaribia kujitegemea hushuka tena. Kwa kazi inayofanya, ute ule ni maziwa.

Ndiyo maana nimekuja na neno moja tu leo. Anayezalisha diskasi si wewe, wala si mimi. Wanaozalisha ni diskasi wawili walioridhiana. Kazi yetu sisi ni maji, na kuwapisha. Nitalirudia: kazi yetu ni maji, na kuwapisha.

Basi tuanze na maji.

Diskasi asili yake ni bonde la mto Amazon. Johann Jakob Heckel alimweleza kisayansi mwaka 1840, na jenasi yake huitwa Symphysodon. Ni wa ukoo mmoja na perege na sato, ingawa ukimtazama umbo lake la sahani huwezi kudhani. Kwao hukaa pembezoni, maji yanapokwenda polepole, katikati ya mizizi na matawi yaliyozama. Maji hayo yana joto, yana asidi, na ni laini mno, yaani yana chumvichumvi kidogo sana. Ya Rio Negro, mmoja wa mito ya bonde hilo, yana rangi ya chai isiyo na maziwa.

Wengi wa diskasi tunaowafuga leo hawajawahi kuuona mto huo. Wamezaliwa ndani ya matangi kizazi baada ya kizazi, na mkubwa wao anaweza kukaa katika maji ya bomba yenye ugumu wa wastani, akala, akanenepa, akang'ara. Na hapo ndipo tunapodanganyika, ndugu zangu. Maji anayostahimili samaki mzima si lazima yawe maji yanayomfaa yai.

Jozi yangu ya kwanza ilitaga mara tisa. Mara tisa! Kila mara mayai kama mia mbili, yamepangwa safu kwa safu juu ya koni ya udongo, yanapendeza kama shanga. Na kila mara, ikifika siku ya pili, yamekuwa meupe kama chokaa, na siku ya tatu yamefunikwa na ukungu wa manyoyamanyoya. Nikamlaumu dume. Nikabadilisha chakula. Nikapandisha joto, nikalishusha. Baada ya mara ya tisa, mzee mmoja mfugaji alikuja kunitembelea, akalitazama tangi kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, maji yako umeyapima?" Nikamjibu kwa haraka kwamba nimepima pH, kile kipimo cha asidi. Akasema, "Sikukuuliza pH. Nimekuuliza ugumu."

Ugumu, yaani wingi wa kalisi na madini mengine majini, sikuwa nimewahi kuupima. Kalisi ikizidi majini, utando wa yai hukaza, na mbegu ya dume hupata taabu kuingia. Yai lisilorutubishwa halina kinga, kuvu hulivamia. Yule dume niliyemlaumu miezi yote hiyo hakuwa na kosa lolote.

Tukaanza kuyalainisha. Tulichanganya maji ya bomba na maji yaliyosukumwa kupitia utando mwembamba wa osmosisi, ule unaozuia chumvichumvi zisipite. Maji ya mvua yaliyokingwa mahali safi nayo hufaa. Hatukuyalainisha kwa siku moja. Tulichukua wiki mbili, kidogo kidogo, hadi kipimo cha upitishaji umeme, kinachoonyesha wingi wa chumvichumvi majini, kikasoma mikrosimensi 120. Jozi ile ile. Dume yule yule. Safari ya kumi, siku ya pili, nilichukua tochi nikainama. Mayai yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia, na ndani ya kila moja palikuwa na kitu kinachotikisika.

Kwa hiyo mnaoandika, andikeni. Joto la maji nyuzi 28 hadi 30. pH kati ya 5.8 na 6.5 hivi. Upitishaji umeme chini ya mikrosimensi 200 kwa tangi la kuzalishia. Klorini iondolewe kabisa kabla maji hayajaingia, na mkumbuke kwamba kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki kwa kuacha ndoo wazi usiku kucha. Hiyo inataka dawa yake. Majani makavu ya mkungu huongeza asidi kidogo na rangi ile ya chai, na mimi huyatumia, ila yasikudanganye: jani halilainishi maji magumu.

Lakini maji laini nayo yana mtego wake, na mtego huu nataka niukalie kidogo, maana ndio unaoua samaki wa watu waangalifu. Maji laini hayana cha kuizuia asidi isizidi. pH inaweza kuporomoka chini ya kiwango nilichokitaja bila wewe kujua, na ikishuka hivyo, bakteria walioko kwenye chujio lako, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, hupunguza kazi. Taka zinaanza kujikusanya. Samaki hawaonyeshi dalili kubwa, kwa sababu katika asidi sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyo na sumu kali. Halafu wewe, kwa mapenzi yako, unaona maji yamechakaa, unamimina nusu tangi ya maji mapya yenye pH 7.5. Kinatokea nini? Ile taka iliyolala inageuka sumu humo humo, kwa dakika chache.

Rafiki yangu wa karibu yalimkuta haya. Alirudi safari ya wiki mbili, akakuta tangi limechafuka, akawaonea huruma samaki wake. Akabadilisha nusu ya maji asubuhi ile ile. Adhuhuri walikuwa juu ya maji wanahema, jioni amewazika wanne. Kosa lake halikuwa uvivu. Laiti angepima kwanza, akabadilisha ndoo moja asubuhi na moja jioni kwa siku kadhaa, kwa maji yaliyolingana na yale ya tangini, wangekuwa hai.

Ndiyo maana nasema, badilisha maji kila siku, robo au zaidi kidogo, kwa maji uliyoyaandaa tangu jana, yenye joto lile lile na pH ile ile. Usingoje uchafu ndipo ubadilishe. Badilisha ili uchafu usije.

Sasa jozi.

Je, unaweza kumchagulia diskasi mwenzi? Wengi tumejaribu. Unanunua dume mzuri, unanunua jike mzuri, unawafungia tangi moja, unangoja. Wanachokupa ni ugomvi. Njia yenye uhakika ni ndefu: chukua vijana sita, au wanane, wa damu tofauti ukiweza, uwakuze pamoja katika tangi kubwa, na uwaache. Usichukue wawili au watatu, maana diskasi wana ubwana na utwana wao. Wakiwa wachache, mmoja hubeba mapigo yote mpaka afe kwa njaa kwenye kona. Wakiwa wengi mapigo hugawanyika. Ngoja mwaka mmoja, pengine na nusu. Siku moja utaona wawili wamejitenga, wanalinda kona yao, wanainamiana kama watu wanaoamkiana, miili inatetema, kisha wanaanza kusafisha koni au ukuta wa tangi kwa midomo. Hao wameshaamua. Wahamishe pamoja.

Dume na jike kuwatofautisha kwa macho ni kazi ngumu, msimwamini mtu anayekuuzia jozi kwa kutazama pezi tu. Niliwahi kuwa na jozi iliyopendana kuliko zote. Walisafisha pamoja, walilinda pamoja, na mayai yao yalikuwa mengi ajabu, mara mbili ya kawaida. Hakuna hata moja lililoanguliwa. Nilipowachungulia wakati wa kutaga ndipo nikaelewa: wote wawili walikuwa na kimirija cha uzazi kinene chenye ncha butu. Wote majike. Dume kimirija chake ni chembamba, kimechongoka, na huonekana vizuri wakati huo tu. Basi kabla hujayalaumu maji, hakikisha una baba.

Tangi la kuzalishia halitaki mapambo. Lenye sentimita 45 kila upande, lita kama 90, linatosha. Sakafu tupu, chujio la sponji lililokwisha kukomaa katika tangi jingine, hita, koni ya udongo au chungu kilichofudikizwa. Basi.

Na sasa nafika pale ninapopapenda zaidi.

Jike hupita juu ya koni akiacha mstari wa mayai, dume humfuata nyuma akiyarutubisha. Wakimaliza, hupokezana kuyapepea kwa mapezi. Baada ya saa 60 hivi, katika joto nililolitaja, mayai huanguliwa, lakini vifaranga hawaondoki. Hunasa pale pale kwa kichwa, mikia ikichezacheza, na wazazi huwahamisha kwa midomo. Siku mbili au tatu nyingine wanamaliza kiini walichozaliwa nacho. Kisha wanaachia, wanaogelea, na saa yao inaanza kuhesabu. Wakiufikia ubavu wa mzazi, wataishi. Wasipoufikia, kesho au keshokutwa wamekwisha.

Mnajua vifaranga wanamtambuaje mzazi? Wanafuata kitu cheusi. Wazazi wakati huo mwili huwa mzito wa rangi, wanatia giza, na watoto hulikimbilia giza lile. Sasa fikirieni: ndani ya tangi lako kuna kitu gani kingine cheusi?

Usiku mmoja nilikuwa na vifaranga karibu mia na hamsini, wameanza kuogelea jioni. Nilizima taa nikaenda kulala na furaha. Asubuhi nikakuta wazazi wamesimama kona moja peke yao, wamepauka. Vifaranga wote, wote, walikuwa wameganda kwenye sponji jeusi la chujio, wanadonoa sponji. Walikuwa wanaomba maziwa kwa kitu kisicho na uhai. Nililitoa sponji lile haraka, nikapunguza maji tangini mpaka nusu ili wazazi na watoto wawe karibu, nikafunika pande tatu za tangi kwa karatasi nyeupe. Ilipofika mchana walikuwa wamehamia ubavuni mwa baba. Wanafika tisini hivi. Wale wengine walikuwa wamechelewa.

Tangu siku hiyo, siku mbili kabla ya kuogelea, natoa kila cheusi, naweka sponji la rangi nyepesi, na taa ndogo hafifu inawaka usiku kucha mbali kidogo na tangi. Na kama wazazi wako ni wa zile rangi zilizopaliliwa na wafugaji, nyekundu iitwayo damu ya njiwa, njano, nyeupe, zingatia mara mbili: samaki hao hawana uwezo wa kutia giza kama wenzao, na watoto hupata shida kuwaona. Wengi wetu tumewalaumu kwamba ni wazazi wabaya. Si wabaya. Rangi tuliyoitafuta sisi ndiyo iliyowazimia taa.

Je, wanaokula mayai? Najua swali hilo linakuja, maana kila mwaka linakuja. Jozi changa hula mayai yake. Hula ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu anakata tamaa, anayatoa mayai anayaweka chombo kingine chenye dawa, anawalea vifaranga kwa unga wa kiini cha yai la kuku. Inawezekana, kuna mabingwa waliolifanya hilo kwa ustadi mkubwa. Lakini mimi siwashauri. Kiini cha yai huozesha maji haraka, utakuwa unalisha na kubadilisha maji kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na mwisho wa yote umempa mtoto chakula bila ile kingamwili ya mama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mpe nafasi aujue.

Nilikuwa na jozi iliyokula mayai mara tano mfululizo. Watu waliniambia nimtenge jike. Badala yake niliacha kuchungulia. Nikaning'iniza kitambaa mbele ya tangi, nikawa nalisha mara chache na kuondoka. Mara nyingine sababu ya mzazi kula mayai ni hofu: kivuli chako, watoto wanaogonga kioo, samaki wengine anaowaona tangi la jirani. Ukiwa na wavu mwembamba wa plastiki unaweza kuizungushia koni bila kuyagusa mayai, wazazi wakapepea bila kuweza kuyala. Mimi safari ile sikuuhitaji. Mara ya sita waliyalinda, na niliporudisha kitambaa pembeni nilikuta jambo ambalo nataka mlione kwa macho yenu siku moja: baba amechoka kudonolewa. Akasogea mpaka ubavuni mwa mama, akajitikisa mara moja, pap, na kundi zima likamwachia yeye likahamia kwa mama. Baba akaenda kula. Baada ya dakika chache mama akafanya vile vile. Hakuna aliyewafundisha.

Kuachisha ziwa. Hapa nitakwenda haraka.

Siku ya nne au ya tano tangu waanze kuogelea, anza kuwapa artemia, wale vijidudu wa maji ya chumvi, walioanguliwa siku hiyo hiyo, mara tano au sita kwa siku, kidogo. Utajua wamekula kwa kuona matumbo yamekuwa ya rangi ya chungwa. Waache waendelee na ute pia. Katika wiki ya tatu utaona wazazi wanaanza kuwakwepa watoto kwa vipindi, wanaogelea mbali, na utafiti ule wa mwaka 2010 uliliona hilo hilo. Mzazi mwenyewe ndiye anayekuambia wakati umefika. Ngozi zao huwa zimekwanguliwa, mapezi yamechoka. Wakitenganishwa na watoto, walishe vizuri na uwape mapumziko. Jike anaweza kutaga tena baada ya siku chache, na akiachwa atataga wiki baada ya wiki mpaka akonde. Uwezo wa kutaga anao. Huruma ya kumpumzisha ni yako.

Vifaranga sasa wanataka mambo mawili, chakula na maji, na maji ndiyo yanayotushinda. Diskasi mdogo akikosa maji safi miezi yake ya mwanzo, hudumaa, na akidumaa harudi. Utamtambua: jicho kubwa, mwili mdogo, umbo limerefuka badala ya kuwa duara. Kwa hiyo ukipata vifaranga mia mbili na huna nafasi wala muda wa kubadilisha maji ya mia mbili, kuza sitini. Najua maneno haya yanauma. Nimeona matangi yenye mamia ya samaki waliodumaa, na mwenye matangi anajisifia idadi. Mimi siioni sifa hapo. Sitini walio duara kama sahani, macho madogo yanayowaka, wanaokuja kukupokea kwenye kioo, hao ndio ningependa mwalike watu waje kuwaona.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda wangu unaelekea ukingoni, na pale nyuma nimeleta vipimo viwili vya ugumu na kimoja cha upitishaji umeme. Waliokuja na maji ya nyumbani kwenye chupa, kama tulivyoombana, wapange chupa zao juu ya meza wakiwa wameziandika majina. Tutazipima moja moja. Na sasa maswali. Mama wa pale dirishani, umeinua mkono tangu nilipotaja mayai meupe. Anza wewe.